Acheni kumdanganya kijana: kwa siku ya kwanza uwanjani, Probox inatosha

Wasomaji wangu, samahani kwa ukimya. Kazi imenizidi, seva ya mteja mmoja ililala mara tatu ndani ya wiki mbili, na umeme wa mtaani kwetu mnaujua. Nilikuwa nimeahidi kuandika kuhusu hifadhidata leo. Hifadhidata itangoja, kwa sababu kuna jambo limenikera tangu Jumapili na nisipolitoa sitalala.

Kijana mmoja anayefanya kazi hapa mjini, upande wa Milimani, ameniandikia hivi: "Kaka, nimeweka akiba ya shilingi 800,000. Nataka gari otomatiki la kwenda nalo kazini, halafu mara moja moja nilipeleke uwanjani nijifunze kuendesha kwa kasi. Leseni yangu ni ya otomatiki tu. Nimeuliza watu kumi, saba wameniambia nichukue Mark X ya zamani, wawili wakasema Subaru ya turbo, mmoja akasema nisubiri hadi nijue gia za mkono. Wewe unasemaje?"

Nasema hivi: wote kumi wamekupoteza, omera. Na wale saba wamekupoteza vibaya zaidi. Keti, nikueleze.

Kwanza, tunaongelea nini?

Siku ya uwanjani si mashindano. Unalipa ada, unasaini karatasi, gari lako linakaguliwa, unavaa helmeti, unaingia kwa zamu na wenzako wachache, unazunguka dakika kumi au kumi na tano, unatoka, unapumzisha gari, unarudi tena. Hakuna kombe wala mshindi. Kazi yako ni moja: kujua gari linafanya nini linapofika mwisho wa uwezo wake, mahali ambapo hakuna mama anayevuka na ndoo ya omena kichwani.

Kenya ni nchi ya rali. Safari ilianza mwaka 1953, ikatoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 kule Naivasha. Lakini rali ni vumbi na mawe. Ukitaka lami ya duara ambayo mtu wa kawaida anaweza kuingia na gari lake la kawaida, chaguo ni chache mno. Wengi wanakwenda Whistling Morans, upande wa Athi River, uwanja ambao asili yake ni wa magari madogo ya kati. Ni mfupi na una kona nyingi. Shika hilo neno: kona nyingi. Tutalirudia.

Na kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kilomita kama 350, kisha uongeze za kufika Athi River. Gari unalokwenda nalo ndilo utakalorudi nalo. Huna trela, huna fundi wa timu, huna gari la pili. Kwa hiyo sharti la kwanza la gari la uwanjani kwa mtu wa Kisumu ni hili: jioni liwe na uwezo wa kupanda Mau Summit na kushuka Kericho hadi nyumbani, na Jumatatu saa mbili likufikishe kazini. Gari lolote linaloshindwa sharti hili litupe nje ya orodha, hata kama lina sauti tamu kama injili.

Pili, habari ya rafiki yangu

Nina rafiki tuliyesoma naye sayansi ya kompyuta. Simtaji jina, ana wazazi. Yeye alifuata ushauri wa wale saba. Akachukua mkopo wa sacco, akanunua Mark X yenye injini ya 2.5, nyeusi, rimu kubwa. Gari zuri, sikatai. Tulilifurahia wote.

Alipanga kulipeleka uwanjani mwezi uliofuata. Lakini gari lile lina tabia ya kukunong'oneza. Ukiwa kwenye barabara ya Busia usiku, umepita Kisian, lami imenyooka, mguu unauma. Akasema ngoja nilijaribu kidogo, nijue linavyokwenda. Sheria ya nchi hii inaweka mwisho wa gari dogo kuwa kilomita 110 kwa saa. Yeye alikuwa ameuacha mwisho huo nyuma zamani. Bodaboda akaingia barabarani kutoka njia ya vumbi, bila taa.

Wote wawili wako hai. Yule wa bodaboda alikaa na vyuma mguuni miezi mingi, na pikipiki ndiyo ilikuwa shamba lake. Gari likawa chuma chakavu. Bima ikakataa kulipa, kwa sababu mwenye gari, katika maelezo yake mwenyewe, alisema alikuwa "akilipima mwendo". Someni mikataba yenu ya bima, wasomaji. Karibu yote ina kifungu kinachosema mashindano na majaribio ya mwendo hayafidiwi. Mkopo anaulipa hadi leo. Kila mwisho wa mwezi, gari ambalo halipo linakula mshahara wake.

Nikimweleza mtu habari hii hunijibu, "Huyo alikuwa mzembe." Ndiyo, alikuwa mzembe. Nami ningekuwa mzembe, nawe pia. Kijana wa miaka ishirini na kitu akipewa nguvu farasi mia mbili na barabara tupu, uzembe ni suala la muda tu. Ndiyo maana nawakasirikia wanaoshauri. Hawatoi ushauri wa gari, wanatoa ndoto zao wenyewe zilipwe kwa mkopo wa mtu mwingine.

Tatu, tufanye hesabu, maana ndiyo kazi yetu

Gari linapofunga breki, mwendo wote unageuka kuwa joto. Fomula mliifanya kidato cha tatu: nusu ya uzito mara kasi ya mraba. Tuchukue njia iliyonyooka ikifuatiwa na kona ya kuingia kwa kilomita 50 kwa saa.

Mark X pamoja na dereva ni kama kilo 1,600. Kwa nguvu zake tuseme inafika mwisho wa njia ikiwa na 130. Kushuka hadi 50, breki zinameza kama kilojuli 890.

Probox ya 1.5 pamoja na dereva huyo huyo ni kama kilo 1,100. Haina nguvu nyingi, tuseme inafika ikiwa na 110. Kushuka hadi 50, breki zinameza kama kilojuli 410.

Soma tena. Kona ni ile ile, dereva ni yule yule, na joto ni zaidi ya mara mbili. Joto hilo linaingia kwenye diski, kwenye pedi, kwenye mafuta ya breki, na kila mzunguko linaongezwa juu ya lile la mzunguko uliopita. Breki za gari la familia hazikuundwa kwa kazi hiyo. Mzunguko wa nne au wa tano, kanyagio linazama kama limekanyagwa kwenye ugali wa moto, na mwanafunzi ambaye hajawahi kuhisi hivyo anagundua siku hiyo hiyo, akiwa na kasi ya 130.

Halafu matairi. Yanavaliwa na uzito na kasi, na ya rimu kubwa bei yake unaijua. Halafu ushuru: kama unaagiza kutoka Japani, ukipita injini ya 1500 ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 20 hadi 25, tena juu ya thamani ambayo tayari ni kubwa. Unalipia zaidi ili upate gari linalokula zaidi na kukufundisha kidogo.

Kidogo, ndiyo. Gari lenye nguvu nyingi huficha makosa yako. Umekosea kona? Kanyaga mafuta, utafidia kwenye njia iliyonyooka. Gari dhaifu halikupi njia ya kujificha. Ukipoteza kilomita kumi za mwendo kwenye kona, utaitafuta hiyo kumi hadi kona inayofuata. Ni kama kuandika programu kwenye tarakilishi yenye kumbukumbu ndogo: unalazimika kufikiri.

Kuna mjuaji ataleta hoja ya mwinuko. "Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, Athi River iko juu zaidi, injini isiyo na turbo inakosa hewa." Ni kweli. Hapa ziwani injini ya kawaida inapoteza kama asilimia 13 ya nguvu zake, kule Athi River kama 17. Turbo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Lakini hewa nyepesi haipunguzi mshiko wa tairi. Inapunguza tu kitu ambacho mwanafunzi hakihitaji. Mimi naiona ni msaada wa bure kutoka kwa Mungu.

Nne, otomatiki si kitu kimoja

Hapa ndipo wengi wanapotea, hata waliosoma. Neno otomatiki linafunika mashine tatu tofauti kabisa.

1. Otomatiki ya kawaida, yenye tokikonveta. Kati ya injini na gia kuna mafuta yanayozungushwa, na ndani kuna gia halisi za chuma. Ni teknolojia ya zamani, inajulikana na kila fundi kuanzia Kibuye hadi Kisii. Inapata joto pale mafuta yanapoteleza, lakini gia ikishika na konveta ikajifunga, joto linapungua.

2. CVT. Hakuna gia. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazobadilika upana. Kwa kwenda kazini ni nzuri, inaokoa petroli. Uwanjani unakanyaga hadi mwisho, unaachia, unakanyaga tena, dakika kumi mfululizo. Mkanda unabanwa kwa shinikizo kubwa, mafuta yanachemka, kompyuta ya gari inaogopa, inakunyang'anya nguvu ili giaboksi isife. Hapo siku yako imekwisha.

3. Klachi mbili, ile ambayo Volkswagen wanaiita DSG. Inabadilisha gia haraka ajabu. Lakini ile ya gia saba yenye klachi kavu haipendi joto wala kutambaa. Mwaka 2013 Volkswagen waliyarudisha gereji magari zaidi ya milioni moja ya aina hiyo duniani. Mtumba wake ukiwa umetambaa miaka kadhaa kwenye foleni za mji, kisha ukae Kondele saa kumi na mbili jioni jua likiwa bado kali, wewe ndiye utakayelipa.

Nami sisemi haya kwa kusoma tu. Gari langu la kwanza lilikuwa Vitz ya CVT. Nilikwenda nayo uwanjani nikiwa nimejaa kiburi. Mizunguko minne ilikuwa raha. Wa tano, injini inalia na gari haliendi. Nikatoka, nikalipumzisha, nikaingia, mizunguko miwili likarudia. Nikakubali yaishe.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa fundi kubadilisha mafuta ya giaboksi. Ni mzee wa heshima, amefungua injini nyingi kuliko idadi ya programu nilizoandika. Nikamwuliza, "Mzee, haya ni ya CVT?" Akanitazama kwa huruma. "Kijana wangu, ATF ni ATF." Nami, mwenye digrii, niliyesoma kitabu cha gari usiku uliotangulia na nikajua kinasema mafuta ya CVT peke yake, nikaona haya kubishana na mtu wa umri wa baba yangu. Nikasema, "Haya, mzee."

Giaboksi ilikufa miezi miwili baadaye, karibu na Londiani, usiku, mvua ikinyesha. Kuvuta gari hadi Kisumu pamoja na giaboksi ya mtumba kulinigharimu pesa nilizokuwa nimezitenga kwa kipakatalishi kipya. Simlaumu mzee peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa na kitabu. Kwa hiyo, kijana wangu: ukiwa na kitabu, zungumza. Kwa heshima, lakini zungumza. Sema, "Mzee, nisaidie, kitabu chao kinataka aina hii, nimeyanunua mwenyewe haya hapa." Hakuna fundi atakayekufukuza ukija na mafuta yako mkononi.

Tano, basi ninunue nini?

Probox. Naam, nimesema. Chekeni, nangoja.

Mmemaliza? Haya. Probox ya zamani, zile zilizotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2014, otomatiki yake ni ya tokikonveta, gia nne. Ya 1.5 ina nguvu farasi zaidi kidogo ya mia moja na uzito wa kama tani moja. Injini yake ni ile ile iliyomo kwenye Vitz na IST za wakati wake, kwa hiyo kipuri unakipata hata Ahero siku ya Jumapili. Likikuharibikia Nakuru, utalala nyumbani siku hiyo hiyo. Angalizo kubwa: kuanzia toleo la mwishoni mwa 2014 waliingiza CVT. Usichanganye.

Kwa sababu sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, Probox hizo za zamani haziagizwi tena. Utanunua iliyokwisha kutumika humu nchini, na hapo fungua macho. Wote tunajua maisha ya Probox za njia ya Bondo na Siaya: watu tisa ndani, wawili kwenye buti, mmoja "sambaza" juu ya kiti cha dereva, gunia la mahindi juu ya paa. Usinunue hiyo. Tafuta ya mwalimu, ya mchungaji, ya mtu wa duka la dawa. Liwashe likiwa baridi asubuhi. Weka R kisha D: likichelewa kushika au likaruka kama punda, ondoka. Chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi, nusa. Yakinuka kuungua, ondoka. Pitia chini utazame kama fremu imepinda. Dalali akikuharakisha, ondoka haraka zaidi.

Ukiona aibu ya Probox imekuzidi, na pesa ikitosha, chaguo la pili ni Mazda Demio, ile iliyotoka Japani kuanzia mwishoni mwa 2014. Hapo wenzetu wengi walipokimbilia CVT, Mazda walitengeneza otomatiki ya tokikonveta yenye gia sita, ambayo konveta inajifunga mapema kwa hiyo mafuta hayachemki ovyo. Ya 1.3 ina nguvu farasi 92 na uzito wa kama tani moja. Gari linageuka vizuri kuliko Probox, hilo nakiri. Spea zake ni ghali zaidi, na mafuta ya giaboksi ni ya aina yake, yanaitwa FZ. ATF si ATF, mnakumbuka.

Na ikiwa tayari una gari la nyumbani lenye otomatiki ya kawaida na breki nzima, chaguo la tatu ndilo bora kuliko yote: usinunue kitu. Nenda na hilo.

Sita, pesa iliyobaki

Hapa ndipo ushauri wangu unapokuwa tofauti na ule wa wale kumi. Usimalize 800,000 kwenye gari. Baki na fungu zuri, ulitumie hivi, kwa mpangilio huu:

1. Matairi manne mapya, ya aina moja, ya gari la abiria. Probox nyingi huja na tairi za mizigo. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne baada ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lenye meno marefu ni jiwe lililovaa suti.

2. Mafuta ya breki mapya, DOT 4. Mafuta haya hunywa unyevu kutoka hewani, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanywa maji, kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Ni kazi ya saa moja na ni rahisi kuliko chakula cha samaki cha watu wanne. Badilisha kabla ya kila safari ya uwanjani.

3. Pedi nzuri za mbele.

4. Mafuta sahihi ya giaboksi, na redieta iliyosafishwa.

5. Helmeti yako mwenyewe.

6. Ada za siku nyingine mbili za uwanjani. Hii ndiyo "nguvu ya ziada" halisi. Siku tatu ndani ya Probox zitakufanya dereva bora kuliko siku moja ndani ya Mark X ikifuatiwa na mwaka mzima wa kulipa deni.

Saba, otomatiki inaendeshwaje uwanjani?

Usiiache D na kuomba Mungu. Giaboksi ya kawaida haioni kona, inaona mguu wako tu. Ukiwa katikati ya kona ukaongeza mafuta, itashusha gia ghafla, tairi za mbele zitateleza na gari litakwenda moja kwa moja. Kwa hiyo amua gia mapema. Kwenye Probox zima kitufe cha gia ya juu, na kona ikiwa kali shusha hadi 2 ukiwa bado umenyooka na umeshapunguza mwendo kwa breki. Kwenye Demio tumia sehemu ya kuchagua gia mwenyewe. Kanuni: breki ukiwa umenyooka, gia ukiwa umenyooka, kisha usukani. Mambo matatu, moja baada ya jingine, kama foleni.

Mzunguko wa mwisho endesha polepole bila breki ili vitu vipoe. Ukiegesha usivute breki ya mkono, diski na ngoma bado ni za moto. Toa buti yote: jeki, tairi la akiba, viatu, Biblia ya mama. Kila kitu kisichofungwa ni kombora.

Nane, najibu kelele kabla hazijaja

"Otomatiki si gari la dereva." Mwaka 1989 Nigel Mansell alishinda mbio za Brazil kwa Ferrari ambayo gia zake zilibadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani, mbio za kwanza kabisa za gari hilo. Miaka ya 2001 hadi 2003 baadhi ya magari ya Formula 1 yalikuwa yakibadilisha gia yenyewe kabisa, hadi walipopiga marufuku kwa sababu kompyuta ilikuwa inafanya kazi vizuri mno. Kama otomatiki ni ya wanawake na wazee, basi waambie hao. Na mitumba mingi tunayoletewa kutoka Japani ni otomatiki. Kumwambia kijana angoje gia za mkono ni kumwambia arudi barabara ya Busia usiku.

"Atalichoka haraka." Vizuri! Akilichoka kwa sababu amelimaliza, auze, anunue lenye nguvu, na atakuwa amestahili. Wengi wanaosema wamelichoka gari lao hawajawahi kulifikisha hata nusu.

"Probox ni gari la omena." Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa hapo Kericho tu, alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544. Halikuwa jipya: lilikuwa gari lililokwisha kutumiwa katika mbio na timu ya kiwanda. Mtumba, kwa lugha yetu. Timu kubwa zilikuwepo na magari mapya yanayong'aa. Zilibaki nyuma.

Mwisho

Najua baadhi yenu mtasema nimeandika maneno mengi kwa ajili ya gari la bei ndogo. Lakini kila Jumamosi usiku nikiwa na kazi ya kumalizia, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto, nasikia injini zikipanda kwenye barabara ya nje. Nazijua kwa sauti. Halafu nanyamaza nikisubiri kama kutakuwa na mlio mwingine baada ya hapo. Kisumu haina mahali pa vijana hao. Hatuhitaji uwanja wa mabilioni kama Kyalami. Eneo moja pana la lami, koni hamsini, gari la wagonjwa, mtu mwenye saa, Jumapili moja kwa mwezi. Klabu ya magari na kaunti wakikaa mezani alasiri moja wanaweza kulimaliza hilo. Hadi siku hiyo, angalau tusiwape vijana mafuta ya kumwagia moto.

Kijana wangu uliyeniandikia: nunua la kukurudisha nyumbani. Badilisha mafuta ya breki. Nenda Athi River. Mara ya kwanza utapitwa na kila mtu, nami nilipitwa na kila mtu. Na ukifika mchana ukaona Probox nyeupe yenye tairi mpya na buti tupu, imeegeshwa bila breki ya mkono, njoo tusalimiane. Ni yangu.

Nyongeza: Watu watatu wamenipigia simu kuuliza kama Mark X ni gari baya. Hapana. Giaboksi yake ya gia sita ni ya tokikonveta na ni imara. Nimesema ni gari baya la KUANZIA. Someni tena sehemu ya tatu, polepole, bila muziki.